Chenye Kufa, Chenye Kuua, Chenye Kutisha: Historia ya Neno "Deadly" na Tafsiri Yake Jinja na Mbale

Katika makala haya tunanuia kuchunguza neno moja la Kiingereza ambalo huwasumbua wanafunzi wetu wa tafsiri kuliko umbo lake linavyoonyesha. Neno lenyewe ni "deadly". Mwanafunzi akiliona katika sentensi hudhani ni jepesi, kwa kuwa kila mtu anajua kifo ni nini. Anapofika mahali pa kuandika Kiswahili chake ndipo kalamu inaposimama. Wengine huandika "hatari", wengine "-a kufisha", wengine "-a mauti", na wapo wanaokimbilia "mbaya" na kuendelea mbele. Majibu yote manne yana mahali pake. Yote manne pia yanaweza kumpoteza msomaji, na katika chumba cha mahakama yanaweza kumpoteza mshtakiwa.

Tunaitaja mahakama makusudi. Mahakama Kuu ya Uganda hukaa Jinja na hukaa Mbale, na watu wanaofika mbele yake huzungumza Kisoga, Kigisu, Kiganda, Kiteso, Kigwere na lugha nyingine za mashariki. Kiswahili nacho kimo humo, hasa pale shahidi au mshtakiwa anapokuwa askari, dereva wa lori, mfanyabiashara wa mpakani au mtu aliyekulia upande wa Kenya. Mkalimani wa hapo hapewi nafasi ya kufungua kamusi. Jaji anasubiri, shahidi amekwisha kusema, na neno lazima litoke. Kwa hiyo si kazi ya bure kuuliza neno hili lilikotoka na lilivyobadilika njiani.

Tuanze na Kiingereza chenyewe. Katika Kiingereza cha kale, yaani kile kilichotumika kabla ya Wanormani kuivamia Uingereza mwaka 1066, neno hili lilikuwa "deadlic". Maana yake ya mwanzo haikuwa "chenye kuua" bali "chenye kufa", yaani kiumbe ambaye siku moja atakufa. Binadamu alikuwa "deadlic", Mungu hakuwa. Maana ya kusababisha kifo nayo ilikuwapo mapema, na kadiri karne zilivyopita ndiyo iliyotawala, hata ile nyingine ikasahauliwa. Neno, kwa maneno mengine, liligeuka uso. Awali lilimtazama anayekufa. Baadaye likamtazama anayeua. Tunaomba wasomaji waliweke akilini geuko hilo la kwanza, maana tutakutana na geuko jingine huku kwetu Uganda.

Waingereza hawakutosheka na neno lao la nyumbani. Walikopa mengine matatu yenye asili ya Kilatini, na kila moja likachukua kona yake. "Mortal" linatokana na "mors", kifo, na mpaka leo lina nyuso zote mbili: binadamu ni "mortal" kwa kuwa atakufa, na jeraha ni "mortal" kwa kuwa litamuua aliyenalo. "Lethal" linatokana na "letum", ambalo pia ni kifo. Herufi "h" iliyomo haikuwamo tangu asili. Waandishi wa kale walilihusisha neno hilo na Lethe, mto wa kuzimu katika hadithi za Wayunani, ambao aliyekunywa maji yake alisahau yote ya maisha yake. Wakaiingiza herufi hiyo, nayo ikabaki. Mkosi wa tahajia umekuwa tahajia sahihi! Walimu tunaopambana na "hadithi" na "hadhithi" katika madaftari tupate hapo faraja kidogo. "Fatal" tutalirudia, kwa sababu lina ndugu wa kushangaza katika Kiswahili.

Kabla ya hapo tuondoe dhana moja inayopendwa sana. Mwanafunzi akisikia "mortal" na "mauti" hufurahi na kutangaza kwamba ameona undugu. Sivyo. "Mauti" tumelipata kwa Waarabu, kutokana na mzizi wenye konsonanti m-w-t, na ndugu yake wa karibu katika Kiswahili ni "maiti". "Mors" ya Kilatini ina mzizi mwingine kabisa, wa familia ya Kihindi-Kiulaya, ule ule uliowapa Waingereza neno "murder". Kufanana kwa sauti hapa ni bahati tu. Isimu linganishi imejaa mitego ya namna hii, na anayeikwepa ni yule anayedai kuona maneno mengi yanayofuata kanuni moja, si maneno mawili yanayofanana.

Mzizi wetu wenyewe ni ule wa kufa. Wanaisimu wa Kibantu huurejesha kwenye umbo *-ku-, na ndio uliotupa kufa, kifo, mfu na ufu. Mganda na Msoga nao wana "okufa", kwa hiyo anayetoka Jinja kwenda pwani hahitaji kufundishwa neno hili upya. Kutokana nalo tumenyambua "fisha", kufanya mtu au kitu kife, na kirai "-a kufisha" ambacho hupatikana zaidi katika maandishi ya dini na fasihi kuliko katika mazungumzo. "Mauti" limekaa vivyo hivyo: Wakristo wana "dhambi ya mauti", lakini hatujamsikia mtu sokoni Mbale akisema ameuziwa uyoga wa mauti. Atasema uyoga huo unaua.

Na hapo ndipo ulipo ufunguo. Kiswahili hakina haja kubwa ya kivumishi hapa kwa sababu kina kitenzi kinachobeba kirejeshi, na kitenzi hicho kwa kawaida hutaja wakati. "Deadly" ya Kiingereza inanyamaza kuhusu wakati. Nyoka akiitwa "deadly", maana yake ni kwamba anaweza kuua, hata kama hajawahi kumgusa mtu. Maporomoko ya ardhi yakiitwa "deadly" katika kichwa cha habari, maana yake ni kwamba tayari watu wamekufa. Mwingereza anatumia neno lile lile, naye msikilizaji wake anajitafutia. Mswahili lazima aamue: anayeua, aliyeua, awezaye kuua.

Wakazi wa miteremko ya Mlima Elgon, ambao wenyewe huuita Masaba, hawalioni jambo hili kuwa la sarufi tu. Tarehe 1 Machi 2010 mlima uliporomoka juu ya Nametsi, wilayani Bududa, na watu zaidi ya 300 walikufa au hawakuonekana tena. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Julai 2022 mito inayoteremka kutoka huko, Nabuyonga miongoni mwake, ilifurika hadi ndani ya mji wa Mbale na kuua watu zaidi ya 20. Sasa mpe mwanafunzi tangazo la Kiingereza lenye maneno "deadly landslides" alitafsiri kwa ajili ya wakazi. Akiandika "maporomoko yaliyoua" ametoa habari ya jana. Akiandika "maporomoko yanayoua" ametoa onyo. Akiandika "maporomoko hatari" ametoa onyo pia, ila jepesi zaidi, kwa kuwa hatari huenda ikampata mtu na huenda isimpate. Na akiandika "maporomoko mabaya", kama vyombo vingi vya habari vinavyofanya, hatujui amesema nini: je, kuna maporomoko mazuri?

"Hatari" linahitaji neno lake. Asili yake ni Kiarabu, "khatar", na maana yake hasa ni hali ya kuelekea madhara, si madhara yenyewe. Kila aliyesoma Afrika Mashariki analifahamu tangu utotoni, kwa sababu linaandikwa chini ya fuvu la kichwa kwenye vifaa vya umeme. Lakini neno linalotumika mno hupungua makali. Magazeti ya Kiswahili ya miaka ya 1990 na 2000 yaliandika "ugonjwa hatari wa ukimwi" mara nyingi hivi kwamba macho ya msomaji yaliruka neno la pili bila kulisoma. Wakati huo huo hali ilikuwa ikibadilika. Shirika la TASO, lililoanzishwa mwaka 1987 na lenye vituo Jinja na Mbale, lilianza kwa kuwasindikiza wagonjwa waliokuwa wakienda kufa. Kuanzia miaka ya 2000 likawa linawapa dawa za kuishi. Kiswahili kiliziita dawa hizo "za kupunguza makali", na kwa maoni yetu jina hilo limesema kweli kuliko "hatari" ilivyowahi kusema. Busoga ilikuwa imepita mahali pagumu zaidi kabla ya hapo. Kati ya 1900 na 1920 malale yaliua watu zaidi ya 200,000 kandokando ya Ziwa Viktoria, na Kiswahili kiliupa ugonjwa huo jina la kulala, bila kutaja kifo hata kidogo.

Vijana, kwa upande wao, wameipeleka "hatari" kwingine. Kijana wa Dar es Salaam akisema mchezaji fulani "ni hatari", anamsifu. "Deadly" nalo limepita njia hiyo hiyo: huko Ireland, na miongoni mwa wenyeji asilia wa Australia, kitu "deadly" ni kitu kizuri ajabu. Hakuna aliyemwiga mwenzake. Inaelekea binadamu popote alipo hupenda kusifu kwa maneno ya kutisha.

Sasa turudi kwa "fatal". Asili yake ni "fatum", jambo lililosemwa, kutokana na kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kusema. Kilichosemwa na miungu hakitanguki. Kwa hiyo "fatum" ikawa majaaliwa, na kwa kuwa majaaliwa ya kila mtu ni kufa, "fatal" ikawa chenye kuleta kifo. Tukitafuta neno la Kiswahili lililopita njia ya jirani na hiyo, tunalipata mahali ambapo wengi hawatarajii: ni "ajali". Kwa Kiarabu "ajal" ni muda uliowekwa, mwisho wa uhai ambao Mungu amempangia mja wake. Kiswahili kililipokea neno kwa maana hiyo, na methali "ajali haina kinga" inaeleweka vizuri zaidi kwa maana hiyo: siku ikifika imefika. Baadaye neno likahama kutoka siku ya kufa hadi tukio linaloiletea siku hiyo, na leo gari likigonga mti bila mtu kuumia tunaita ajali. Kwa hiyo "fatal" lilianza kwenye majaaliwa likaishia kwenye kifo, na "ajali" lilianza kwenye majaaliwa ya kifo likaishia kwenye mgongano wa magari.

Msafiri wa Jinja kwenda Mbale, akipita Iganga na kukata kushoto kuelekea Tirinyi, huyaona mabaki ya magongano hayo kando ya barabara. Polisi wa Uganda katika taarifa zao za kila mwaka hupanga ajali katika makundi matatu, na la kwanza huitwa "fatal". Kundi hilo kwa Kiswahili lisiitwe "ajali mbaya". Ajali mbaya inaweza kuwa ya kundi la pili, ambalo watu huvunjika viungo lakini huishi. Tunapendekeza "ajali zilizoua", kwa kuwa takwimu huhesabu yaliyokwisha kutokea, na kitenzi cha wakati uliopita kinafanya kazi hiyo bila msaada.

Lakini kuna jambo zito zaidi ya istilahi. Methali ile ilipohamia barabarani ilibadilika bila neno lake hata moja kubadilika. Ilipomhusu Mola na siku aliyoiandika, ilikuwa maneno ya kumfariji mfiwa. Inapomhusu dereva aliyelipita lori kwenye kona, inakuwa maneno ya kumtetea dereva. Si sisi pekee tunaosumbuliwa na hili. Mwaka 2001 BMJ, jarida la madaktari la Uingereza, lilitangaza kwamba halitaki tena kuona neno "accident" katika kurasa zake, kwa hoja kwamba majeraha mengi yanaweza kuzuiwa na neno hilo linamfanya msomaji aamini vingine. Hatudai "ajali" lifutwe. Lugha haifutwi kwa tangazo. Tunachotaka ni mwanafunzi ajue, anapoliandika, kwamba ameshika neno lenye majaaliwa ndani yake.

Tumefika mahakamani. Mwaka 1930 Kenya, Uganda na Tanganyika zilipewa kanuni za adhabu zilizofanana kama watoto wa mama mmoja. Mama huyo alikuwa mbali: ni kanuni iliyotungwa na Samuel Griffith kwa ajili ya Queensland, Australia, ikapitishwa huko mwaka 1899, ikasafirishwa hadi Nigeria, kisha ikaja kwetu. Ndiyo maana sheria za jinai za nchi hizi tatu zina misemo mingi ya pamoja, na ndiyo maana mtafsiri hushawishika kuchukua Kiswahili cha jirani na kukibandika juu ya Kiingereza cha Uganda.

Katika unyang'anyi ushawishi huo una gharama. Wakenya husema "wizi wa mabavu", na sheria yao ilimwongezea adhabu mnyang'anyi aliyebeba silaha yenye sifa ya "dangerous or offensive". Watanzania husema "unyang'anyi wa kutumia silaha", na adhabu yake kwao ni kifungo kisichopungua miaka 30. Kwa Kenya, "silaha hatari" ni tafsiri isiyo na lawama, kwa kuwa "dangerous" ni hatari. Sheria ya Uganda haikutumia neno hilo. Katika toleo la sheria la mwaka 2000, kifungu cha 286 cha Kanuni ya Adhabu kilisema kwamba mnyang'anyi aliyetumia au kutishia kutumia "deadly weapon" ahukumiwe kifo. Hakikusema "anaweza kuhukumiwa". Akipatikana na hatia, jaji hakuwa na adhabu nyingine ya kumpa.

Tafakari basi uzito uliowekwa juu ya kivumishi kimoja. Mtu aliyenyang'anya bila silaha ya namna hiyo, na bila kuua wala kujeruhi vibaya, alifungwa akarudi nyumbani. Mtu aliyenyang'anya nayo alipelekwa Luzira kungoja kitanzi. Kifungu chenyewe kilijaribu kueleza: ni chombo kilichotengenezwa au kugeuzwa kwa ajili ya kupiga risasi, kuchoma au kukata, na pia chombo chochote ambacho kikitumiwa kushambulia kinaelekea kuleta kifo. Panga limo bila ubishi. Fimbo je? Ilibidi mahakama ielezwe ukubwa wake na ilivyotumika. Na bunduki ambayo hakuna aliyeiona ikifyatuliwa? Uamuzi wa Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki wa mwaka 1975, ambao majaji wa Uganda waliunukuu kwa miaka mingi, ulidai ushahidi kwamba bunduki inaweza kufyatua: ama ilifyatuliwa wakati wa tukio, ama ilipatikana na kupimwa. Kwa msimamo huo bastola ya kuchezea haikuwa "deadly", hata kama aliyeelekezewa alizirai kwa hofu. Mahakama iliuliza kuhusu chombo. Haikuuliza kuhusu moyo wa aliyetishwa.

Mkalimani akae katikati ya hayo. Shahidi anasema kwa Kiswahili, "Walikuja na silaha hatari." Mkalimani akitamka "deadly weapons", amemwongezea shahidi neno ambalo ndilo kiini cha shtaka, na amelithibitisha kabla ya jaji kuthibitisha. Akitamka "dangerous weapons", amebaki na kile kilichosemwa, na wakili atauliza silaha hizo zilikuwa zipi. Upande wa pili, mshtakiwa anasomewa shtaka. Akiambiwa alitishia kwa "silaha hatari", huenda akafikiria rungu alilokuwa nalo, akaitika. Akiambiwa "silaha yenye kuua", atasita. Huko kusita ni haki yake.

Kwa sababu hiyo, kwa maandishi ya kipindi hicho tunashikilia "silaha yenye kuua". Tungeweza kwenda mbali zaidi, kwa kuwafuata majirani. Kiganda, ambacho Jinja husikika kila kona, kina nomino "ekissi", iliyotokana na kitenzi cha kuua na kuwekwa katika ngeli ya vitu, sawa na KI-VI yetu: kitu cha kuulia. Kiswahili kimeanza kufanya vivyo hivyo kwa wadudu na vijidudu. Tuna "kiuadudu", tuna "kiuavijasumu". "Kiuaji" tukiliachia lijitegemee lingeleta maana, ila sikio bado halijalizoea, na mahakama si mahali pa kulizoeza.

Kuna sababu nyingine ya kuwa waangalifu, nayo ni ya kwetu Uganda. Lugha yetu ilikaa muda mrefu karibu na bunduki. Kikosi cha nne cha King's African Rifles kilikuwa na kambi yake Jinja, na Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha ya amri. Ni katika kambi hiyo ya Jinja askari walipoasi mwezi Januari 1964. Idi Amin, aliyetokea katika jeshi hilo hilo, aliamuru mwaka 1973 kwamba Kiswahili kiwe lugha ya taifa, na watu wengi wa kusini na mashariki walikisikia kwa mara ya kwanza kwenye vizuizi vya barabarani. Wapo wazee ambao hadi leo wakiamshwa usiku kwa Kiswahili hawafikirii mgeni wala mwalimu. Katiba ilirekebishwa mwaka 2005 kukifanya lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likaagiza kifundishwe shuleni kwa lazima, lakini kumbukumbu haifuati ratiba ya serikali. Jirani zetu wasiokipenda Kiswahili tusiwabeze. Tuwaonyeshe kwamba lugha hii inaweza pia kumlinda mtu mbele ya jaji, kwa kusema kilicho na kutosema kisicho.

Mwaka 2007 Bunge la Uganda lilirekebisha Kanuni ya Adhabu, na hapo ndipo "deadly" lilipogeuka mara ya pili. Maelezo mapya yalijumuisha hata mfano wa silaha, yaani kitu kilichoigizwa. Yalijumuisha kitu ambacho kikitumiwa kushambulia kinaweza kumtia mtu hofu kwamba kitamuua au kumdhuru vibaya. Bastola ya kuchezea, iliyokuwa nje ya mlango tangu 1975, iliingia ndani. Neno lililoanza likimaanisha chenye kufa, likawa chenye kuua, sasa kisheria likawa pia chenye kutisha. Miaka miwili baadaye, tarehe 21 Januari 2009, Mahakama ya Juu iliamua katika kesi ya Susan Kigula na wenzake zaidi ya 400 kwamba adhabu ya kifo ya lazima inapingana na Katiba. Jaji akarudishiwa hiari ya kupima kila kosa. Neno lilipanuliwa, na karibu wakati huo huo kitanzi kilichofungwa kwenye neno kikalegezwa. Kama mpangilio ungekuwa kinyume, upanuzi ukatangulia kwa miaka 20, tunaogopa hata kuhesabu.

Kwa mtafsiri matokeo yake ni haya: "silaha hatari", ambayo katika hukumu ya mwaka 1998 ilikuwa dhaifu mno, katika hukumu ya mwaka 2012 inakaribia maana kuliko "silaha yenye kuua". Bastola ya plastiki haiui. Mwanafunzi anayepewa kifungu cha hukumu bila tarehe ana haki ya kuinua mkono na kuidai tarehe kabla ya kuanza kuandika, na mtahini asimkasirikie. Sisi wenyewe sasa, tunapotayarisha mitihani, huweka mwaka wa hukumu juu ya kifungu.

Bado kuna sehemu moja ya maelezo ya 2007 ambayo hatujairidhia kwa Kiswahili chochote. Sheria inahesabu kuwa "deadly weapon" hata kile kinachokusudiwa kumpoteza mtu fahamu. Katika mabasi yetu onyo la kutopokea chakula kwa msafiri usiyemjua ni la kawaida, na kila mtu anaelewa sababu: unakula biskuti, unalala, unaamka huna mzigo wala simu. Kwa sheria hiyo, kilichotiwa ndani ya biskuti ni silaha. Lakini "silaha" ya Kiswahili ni kitu cha kushikwa mkononi au kubebwa begani. Hata sumu hatuiiti silaha isipokuwa vitani. "Dawa ya kulewesha" inasema kilichotokea lakini inaiacha sheria nje. "Kileweshi chenye hadhi ya silaha" ni Kiswahili cha kamati. Kwa sasa tunaandika "silaha" tu, kisha tunafuatisha maelezo ya kifungu neno kwa neno, ili msomaji aone kwamba ni sheria iliyosema hivyo wala si sisi. Wenzetu wanaofundisha tafsiri Mbale, Tororo na kwingineko, hasa waliowahi kusimama mahakamani kama wakalimani, watuandikie wanavyofanya.